Gomesi ya Mikono Mirefu

Mama Zuhura,

Kwanza ujue watu wa Matayos bado wamekukasirikia. Ulitutoka asubuhi, na kabla jua halijazama ukawa umeshazikwa, kama desturi yenu Waislamu ilivyo. Wao wakaja baadaye na kuku, kuni na turubai la kukodi, wakamkuta binti yako Zuhura anafagia uwanja. Yule mama uliyemshonea gauni la harusi mara mbili, kwa wanaume wawili, aliketi chini akauliza, "Sasa sisi tutalilia wapi?" Alikuwa amebeba blanketi, amejipanga kukaa matangani wiki nzima. Zuhura akampa chai. Akalia huku anakunywa, akamaliza na mkate, kisha akapanda bodaboda na kuku wake akarudi. Wanasema uliwatoroka.

Mimi sikulalamika. Nililia dukani, juu ya satini ya bibi harusi wa Nambale, na nikakusikia kabisa ukiniambia, "Ajiambo, lia pembeni, machozi yanatia madoa." Nikasogea pembeni nikaendelea kulia.

Zuhura amerudi Mombasa kwa mume wake na funguo ameniachia mimi. Cherehani yako iko palepale karibu na mlango, na redio bado inashika stesheni za Uganda peke yake. Wateja wakiuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" ninasema amesafiri. Nikisema umefariki wanasema pole, halafu papo hapo wanaanza kukumbuka vitambaa ambavyo eti walikuachia. Kuna mmoja amekumbuka suti nzima.

Lakini sikuketi kuandika kwa sababu ya hayo. Nakuandikia kwa sababu ya Nabwire, na kwa sababu wewe peke yako ndiye sitahitaji kukueleza kwa nini sijalala vizuri tangu aingie dukani.

Nabwire ni binti wa Mama Wycliffe. Unamkumbuka Mama Wycliffe, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. Ulikuwa ukisema yule mwanamke haongei, anatangaza. Ana watoto wawili, Wycliffe na Nabwire, na jina analoitwa linakuonyesha ni yupi anayehesabika pale nyumbani. Wycliffe yuko chuoni Kisumu. Nabwire alimaliza kidato cha nne, akapata alama za kawaida tu, akarudi jikoni.

Alikuja na blauzi akaomba niongeze mikono ifike kwenye kiganja. Mchana wa Busia, Mama Zuhura, wakati hata mbuzi wamejificha chini ya malori. Nikachukua tepu nikampima vile ulivyonifundisha, kuanzia begani, polepole, bila kuvuta. Nikaona alama kwenye mkono, za zamani na za juzi. Naye akaona nimeona. Nikamuuliza kama anataka vifungo vyeupe au vya rangi ya maziwa. Akasema vya maziwa. Nikamwambia, "Kesho uje unisaidie kushona vifungo, macho yangu yamechoka."

Nina miaka ishirini na minne. Aliniangalia hayo macho yangu na sura ileile niliyokuangalia nayo wewe.

Kwa sababu wewe ulinifanyia hivyohivyo. Nilikuja kutoka Busibwabo na sare ya shule nikitaka mikono mirefu, nikiwa na hadithi ndefu kuhusu mbu. Hukuuliza lolote kuhusu mbu. Ulisema macho yako yamezeeka, na huku unatia uzi kwenye sindano bila kuangalia, unagombana na muuza maji kuhusu mtungi. Nikaja kesho yake, na keshokutwa. Nilishona vifungo mpaka nikaviota. Halafu siku moja ukasema unajisikia vibaya, nikusindikize hospitali, na tulipofika ukamwambia nesi, "Mimi niko sawa, mwone huyu." Nilitaka ardhi ipasuke. Tukawa tunaenda kila wiki, wewe ukijishika kichwa njiani ili watu wa mtaa wasijue mgonjwa ni nani. Ukajishika kichwa vizuri hivi kwamba nesi akakupima presha kwa huruma, akakuta ipo kweli. Ulicheka siku hiyo. Mimi sikucheka, na sasa ndiyo imekuchukua.

Basi Nabwire akaanza kuja. Mtu akiwa na kifungo mkononi haangalii uso wako, anaangalia kitambaa, na maneno yanatoka yenyewe. Akasema nyumbani wana grupu la familia kwenye simu, na kila asubuhi mama yake anaweka humo habari za binamu yao anayesomea uanasheria, na chini yake anaandika, "Wengine wajifunze." Wengine ni Nabwire. Shangazi zake wakija wanamgeuza kama gunia la mahindi, wanasema amekonda, ataolewa na nani. Kuna kijana wa clearing, wale wa kupitishia watu mizigo forodhani pale mpakani, aliyemwacha akaoa mwingine, na mtaa mzima ukampa Nabwire pole kwa njia ya kucheka. "Nikilia naambiwa nina pepo," akasema. "Nikinyamaza naambiwa nina madharau. Sasa nifanye nini, Ajiambo?" Nikampa kifungo kingine.

Na hakuwa peke yake. Mwaka huu wasichana waliokuja kuongezewa mikono ni wengi kuliko wa kuongeza kiuno. Sisemi wote wana alama, wengine ni baridi tu au ni fasheni, lakini mimi najua mkono unaojificha. Na unajua kanisa lilisema nini lilipoona mikono mirefu? Lilimshukuru Mungu. Mama Wycliffe alisimama mbele Jumapili akatangaza kwamba wasichana wetu wamerudi kwenye heshima, hata na hili jua wanajifunika. Watu wakapiga makofi. Nabwire alikuwa amekaa karibu na mimi, akanong'ona, "Kumbe nimeokoka." Tukacheka mpaka katekista akatugeukia. Halafu akaacha kucheka, akaanza kulia na kicheko bado kiko usoni, nikamshika mkono juu ya blauzi.

Baada ya hapo kulikuwa na warsha. Usicheke. Watu fulani walikuja na mabango wakakodi ukumbi, mada ikiwa ni kwa nini wasichana wa hapa mpakani wanajiumiza. Nilikwenda kwa sababu ya Nabwire, na kwa sababu nilisikia kutakuwa na pilau. Meza ya mbele ilikuwa na wanaume watano na Mama Wycliffe, aliyealikwa kama mama wa mfano. Pasta akasema shida ni simu. Chifu akasema shida ni sketi. Mwalimu mmoja akasema shida ni uvivu wa kusoma, na mzee kutoka Moding, aliyekuwa amelala, akaamka akasema shida ni Uganda. Hili la Uganda lilipata makofi kuliko yote. Mama Wycliffe alipopewa kipaza sauti alieleza jinsi ya kumlea msichana, akatoa mfano wa binamu yao wa uanasheria. Aliyekuwa akipita katikati yetu na sinia la pilau, mikono mirefu mpaka kwenye vidole, alikuwa Nabwire. Hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa kama kuna kachumbari.

Sasa ndipo ikaja habari ya askofu.

Askofu alikuwa anakuja kubariki paa jipya. Kwaya ya vijana itaimba pamoja na akina mama, na Nabwire, ambaye ana sauti aliyompa Mungu bila kumshauri mama yake, ataimba peke yake ubeti wa kwanza wa wimbo wa kubariki paa. Akina mama wa komiti wakavuka ng'ambo, Uganda, wakanunua kitambaa cha kung'aa cha zambarau, wakakileta kwangu na uamuzi: gomesi kwa wote, wasichana na akina mama. Gomesi ni ileile unayoijua, mabega yamechongoka, mshipi kiunoni, vifungo viwili upande mmoja. Na mikono mifupi.

Nabwire alikuwa anashona vifungo wakati wanaongea. Walipoondoka akaweka sindano chini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku hiyo mimi sitakuwepo." Nikauliza atakuwa wapi. Akasema, "Sitakuwepo tu."

Mama Zuhura, nilifunga mlango wa duka mchana. Uliniambia siku moja kwamba ukiogopa jibu, hilo ndilo swali la kuuliza. Nikamuuliza wazi, "Nabwire, unafikiria kufa?" Muuza maji akapita, akagonga, akaondoka. Halafu Nabwire akasema, "Sitaki kufa hasa. Nataka wanyamaze." Nikamwambia hayo mawili tutayatenganisha, na la kwanza tunalipeleka hospitali leo. Tukaenda kwa nesi wetu yuleyule, ana mvi sasa. Nilijishika kichwa njia nzima. Nesi alipotuona mlangoni akasema, "Nyinyi watu wa vifungo," akamwingiza Nabwire, akakaa naye mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Alimwomba ruhusa ya kumwita mama yake. Nabwire akakataa katakata. Akakubali mimi niwe mtu wake wa kupigiwa simu wakati wowote, na akakubali kurudi.

Lakini gomesi ilibaki pale mezani. Basi nikadanganya. Nilikwenda kwenye mkutano wa komiti nikasema Kampala siku hizi hakuna anayeshona gomesi ya mikono mifupi. Nikasema wenye harusi za maana wote wameshahamia mikono mirefu, ile mifupi imebaki ya kulimia. Ungeona nyuso zao. Unajua sisi watu wa Busia, ukituambia jambo limetoka Nairobi tunabisha, lakini likitoka Kampala na linahusu nguo, hatuna la kusema. Mama Wycliffe akasema yeye mwenyewe alikuwa ameshaona hiyo kitu na alitaka tu kuona kama mimi najua. Wakavuka tena wakaongeza kitambaa.

Ikapita wiki, kwaya ya Malaba ikasikia. Wao hawawezi kuachwa nyuma na Busia hata kwa kuugua mafua, wakanitumia kitambaa chao, mikono mirefu, na wakaomba yao iwe mirefu zaidi. Halafu mteja mmoja wa Uganda akavuka mpaka kuniuliza hii gomesi mpya ya Kenya inashonwaje. Nimekuwa maarufu kwa uongo, Mama Zuhura, na mwenye kosa ni wewe uliyenifundisha kushona.

Siku yenyewe jua lilituwakia kama lilikuwa limelipiwa. Paa jipya ni la mabati. Kile kitambaa cha kung'aa hakipitishi hewa, na ndani yake kulikuwa na akina mama wa kanisa wenye miili yao kamili, wamefungwa kuanzia shingo hadi kwenye vidole. Askofu naye alikuwa na majoho yake yote. Kabla ya wimbo wa kwanza waimbaji watatu wa alto walikuwa wametoka kwenda kumwagiwa maji. Mama Wycliffe akakaza moyo, akaimba, akayumba, akamshika mwimbaji wa pembeni, wote wakaangukia kinanda. Wakambeba hadi kile chumba cha kuhifadhia vitu vya ibada, na katekista akaja mbio kuniita nije na mkasi.

Mle ndani tulikuwa watatu: mimi, Mama Wycliffe kwenye kiti, na Nabwire anampepea mama yake na kitabu cha nyimbo. Nikafumua mikono ya gomesi ya mama, akavuta pumzi, na ile pumzi ya kwanza akaitumia kutoa amri. "Fumua na ya huyu. Anaimba peke yake, asiniangukie mbele ya askofu." Nabwire akashika mikono ya nguo yake kwa ndani, kwa vidole. Mama akamwambia, "Wee, lete mkono." Akamshika.

Nilisema, "Mama, tuanze na mimi." Na mimi nilikuwa nimevaa mikono mirefu, kama kila siku. Nikapandisha. Zile zangu unazijua, zimefifia, lakini mwanga wa dirisha ulikuwa mwingi.

Akaangalia mkono wangu muda mrefu. "Ajiambo, ni nani alikufanyia hivi?"

"Ni mimi mwenyewe, mama. Nikiwa shule."

Akageuka polepole akamwangalia mtoto wake, na vile vidole vilivyoshika kitambaa. Hakumvuta tena. Nabwire mwenyewe ndiye aliyepandisha, kidogo, mpaka inatosha kuelewa. Mama Wycliffe akafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mimi nimemjua tangu nikiwa mtoto na sijawahi kuona hivyo. Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Kwa nini hukuniambia?"

Nabwire akasema, "Ungeiweka kwenye grupu."

Yule mama akacheka. Kicheko kilimtoka kwa sababu ni kweli kabisa, angeiweka, na angeandika chini yake tuombeane. Halafu kikawa kilio, akashuka kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni na gomesi yake ya zambarau isiyo na mikono, nyuzi zinaning'inia, akamvuta Nabwire mapajani kama mtoto anayenyonya, msichana mzima wa miaka kumi na tisa. Akawa anasema, "Mama wangu, mama wangu," kama kina mama wa kwetu wanavyomwita binti yao. Nabwire akalia kwa sauti. Mimi nililia pembeni.

Katekista akagonga. "Askofu anauliza kwaya iko wapi."

"Mwambie angoje," akasema Mama Wycliffe.

Akangoja. Ubeti wa kwanza uliimbwa na mtu mwingine, vibaya, na paa likabarikiwa vilevile. Nabwire alikaa nyuma na mimi, mikono yake imefunikwa vile alivyotaka mwenyewe. Baadaye askofu alimsifu Mama Wycliffe kwa vazi lake la unyenyekevu lenye nyuzi, na sasa kuna watu Malaba wananiuliza kama hiyo nayo imetoka Kampala.

Nisikudanganye kwamba yameisha. Mama Wycliffe alikuja dukani siku iliyofuata, akakaa kwenye benchi lako, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia aende na Nabwire kwa nesi kama Nabwire anakubali, na nyumbani aanze kwa kusikiliza. Akasema atasikiliza, na akanieleza jinsi atakavyosikiliza mpaka nikafunga duka. Lakini anajaribu. Nabwire anasema jioni mama yake anaketi jikoni amefunga mdomo kwa nguvu hadi mishipa inaonekana shingoni, anamngoja aongee, na yeye anaongea kidogo kwa huruma tu asipasuke. Kwenye grupu aliandika kwamba kuanzia sasa asiletewe habari za mtoto wa mtu, kisha akatoka. Shangazi mmoja akampigia kuuliza nani amemroga. Wycliffe naye alipiga simu, akamwomba dada yake msamaha, ingawa hakujua ni wa nini.

Kuna wiki nzuri na kuna wiki ambazo Nabwire ananipigia simu, nami ninachukua hata kama nina pini mdomoni. Wiki iliyopita ilikuwa mbaya. Alikuja dukani, hakushona, alikaa tu chini kando ya kiti changu akaegemeza kichwa kwenye goti langu huku nakanyaga cherehani. Akaniuliza kama hiyo hamu ya kujiumiza huwa inaisha kabisa. Nilimwambia ukweli. Inakuja mara mojamoja, kama mteja wa kuuliza bei tu, unamwacha aangalie, anaondoka. Akauliza, "Na ukiwa peke yako siku hiyo?" Nikasema siku hiyo ndiyo unatafuta mtu.

Mimi siku hizo nilikuwa nakutafuta wewe. Hilo ndilo nimekaa nikizunguka tangu nianze kuandika. Tangu uende, kuna mchana mmoja yule mteja wa kuuliza bei alikuja na wewe hukuwepo, nikaogopa sana, Mama Zuhura. Nikampigia Nabwire. Mimi, fundi, nikampigia mwanafunzi. Akaja na bodaboda, amevaa kandambili mbili zisizofanana, akasema, "Leta vifungo," tukakaa hapo mpaka ikapita.

Sasa lala salama, mama yangu. Najua kwenu na kwetu wote tunasema tutaonana, na mimi sibishi. Lakini usiniwekee nafasi karibu, na ukisikia hatua mlangoni usisimame ukidhani ni mimi. Nabwire na mimi tumekaa chini tukakubaliana, tukapeana mikono. Tutakuja tukiwa nyanya wasio na meno, tumechoka kuishi kwa uzee tu. Nakuahidi tutachelewa sana.

Mwanafunzi wako,
Ajiambo